Kitambaa cha Njano Mlangoni kwa Haddon

Mkono wa Mama Hester uko juu ya komeo. Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wapo walionilaani kwa hilo tangu siku ile. Haya, tusogee kabla hajalivuta.

Nje, mtu alikuwa akipiga kelele kwamba mkwe wa nyumba ameangushwa na farasi, yupo hapo mlangoni, damu inamwagika, anaomba maji. Mama Hester Haddon ni mwanamke mwenye huruma za haraka. Akisikia damu hasikii kitu kingine. Komeo lilishafika katikati binti yake, Lydia, aliposhuka ngazi mbio na kumdaka mkono.

"Mama, acha."

"Afie mlangoni kwangu?"

"Ngoja nimwone kwanza."

Lydia alirudi juu, akachungulia dirisha la ghorofani. Kweli, mtu alikuwa amelala kwenye vipandio, kofia usoni, shati jekundu kifuani. Lakini mkwe huyo, shemeji yake Lydia, ni mfupi na amejaa kama pipa. Huyu wa leo miguu yake ilianzia mlangoni ikaishia barabarani.

Alichukua beseni la maji aliyonawia baba yake asubuhi, akayamwaga yote. Majeruhi alipona papo hapo, akaruka ua huku akitukana.

Wenzake waliokuwa wameuzunguka moto wa kupikia bustanini walicheka mpaka wakashika mbavu. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu wanaishi pale. Walikuwa wamekata miti ya matunda ya Bwana Haddon wakaifanya kuni, wanapika, wanacheza karata, wanasubiri mlango mmoja ufunguke.

Ambaye hakucheka ni mkubwa wao, Cornelius Voss, afisa wa sherifu, mtu mrefu mwenye kovu la kuunguzwa na baridi kali kwenye pua. Alivua kofia akatazama juu.

"Samahani kwa mchezo ule, binti Haddon. Vijana wamechoka."

"Wewe hujachoka?"

"Mimi kusubiri nilifundishwa jeshini. Mwambie baba yako namsalimu."

Alisema kwa adabu kabisa, na adabu ile ndiyo iliyomtia Lydia hofu kuliko matusi.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikueleze upesi. Bartholomew Haddon hakuzaliwa kuwindwa. Wakati wa vita vya uhuru, hazina ilipokuwa tupu na askari wanajifunga matambara miguuni kwenye theluji, ni yeye aliyelilisha jeshi. Dhahabu hakuwa nayo. Alikuwa na jina. Aliliandika kwenye karatasi, na wauza unga wa Filadelfia wakaipokea karatasi ile kama fedha, kwa sababu Haddon amesema atalipa. Na alilipa. Akaketi na wakubwa waliounda taifa, akaifundisha serikali changa namna ya kutunza hazina yake.

Kisha amani ikaja, na tamaa ikaingia nayo. Alinunua ardhi ng'ambo ya milima, mapori ambayo hajawahi kuyatia machoni, ahadi juu ya ahadi, akitegemea wahamiaji wa kutoka Ulaya waje wayanunue. Hawakuja. Sasa jina lile lile lilikuwa mkononi mwa kila mdai mjini, kuanzia mwenye benki hadi mjane wa fundi viatu, na wote walitaka mtu afungwe.

Sheria ya pale ilikuwa hivi. Afisa haruhusiwi kuvunja mlango wa mtu kwa sababu ya deni. Lakini mlango ukifunguliwa, hata kwa kupokea maziwa, anaweza kuingia, na akishamgusa mdeni begani amekwisha kumkamata. Jumapili hakamatwi mtu. Jumapili mbili zilizopita hakupatikana wa kuleta gari. Na leo ilikuwa Jumamosi. Kesho alfajiri gari la rafiki lingekuja, mzee avushwe mto hadi New Jersey, jimbo jingine, ambako hati ya Voss ya kukamata ingefaa kufungia samaki tu. Kilichotakiwa ni mlango ukae umefungwa kwa siku hii moja.

Wakishindwa, ni gereza la wadeni. Na homa ya manjano ilikuwa imerudi Filadelfia na joto la mwaka ule, ikaingia gerezani, ikawa maiti zinatolewa huko kila asubuhi. Mzee wa umri wa baba yake asingemaliza mwezi mle ndani. Lydia alilala na wazo hilo na kuamka nalo.

Alikwenda jikoni. Hagar Lisle, mpishi wa nyumba, mwanamke mweusi aliyekuwa huru tangu ujana wake, alikuwa akikoroga supu ya utumbo na pilipili. Ndiyo ilikuwa ya mwisho. Watu wa Voss walikuwa wamegundua kikapu kilichokuwa kikishushwa kwa kamba dirisha la nyuma, na tangu jana huko nako kulikuwa na mlinzi.

"Hagar, kwa nini wewe hukuondoka na wenzako?"

"Mshahara wangu wa tangu Pasaka uko kwa baba yako. Akifia gerezani nitamdai nani?" Akaonja supu, akaongeza chumvi. "Tena mnapika vibaya nyinyi."

Lydia alicheka bila kupenda. Akasogea dirishani, akawaona vijana wawili wa Voss wakirudi na mikate kutoka sokoni. Walipoifikia nyumba ya mfumaji, upande ule ule wa akina Haddon, walivuka barabara, wakapita mbali wakiwa wameziba pua, kisha wakavuka tena. Mlangoni pa mfumaji palikuwa na kitambaa cha njano. Kamati ya afya ilikuwa imeagiza kila nyumba yenye homa itundike kimoja.

Lydia alikitazama kitambaa kile kwa muda mrefu. Kisha akamwita mama yake.

Baba yake walimkuta chumbani juu, kwenye kiti, supu ya jana imepoa mezani haijaguswa. Bwana Haddon alisikiliza mpaka mwisho.

"Unataka nitangaze ugonjwa nisio nao," alisema.

"Ndiyo, baba. Mpaka kesho."

"Nimetia jina langu kwenye ahadi nyingi zilizogeuka uongo, Lydia. Ila sikuwahi kutia sahihi jambo nikijua ni uongo."

"Basi usitie. Mimi ndiye nitakayetundika."

Mzee alijikuna paji la uso. "Fanya. Usiniambie."

Kitambaa cha njano nyumbani hakikuwapo, isipokuwa kimoja. Lilikuwa gauni la hariri ambalo Mama Hester alilivaa kwenye dansi ya kusherehekea amani, siku ambayo majenerali walipanga mstari kumbusu mkono. Lydia hakuthubutu kulitaja. Mama Hester akalitoa sandukuni mwenyewe, akalikata palipo pazuri, kifuani.

Hagar naye akapata kazi aliyoifurahia. Alichoma lami sebuleni, kama walivyofanya wenye wagonjwa kufukuza homa, mpaka moshi mweusi ukatoka kwenye nyufa za madirisha. Akamwaga siki kila mahali. Halafu akakaa nyuma ya pazia na kuanza kugumia, sauti nzito ya mwanamume anayekata roho, akipumzika kila baada ya muda kumuuliza Lydia kama azidishe.

Lydia alifungua dirisha la ghorofani, akaning'iniza hariri ile mpaka ikafika mbele ya mlango.

"Msikaribie," aliwaambia watu wa Voss. "Baba ana homa, anatapika vyeusi."

Bustani ilibaki tupu. Waliacha karata, waliacha koti, waliacha na sufuria la nyama likichemka motoni, jambo lililomuuma Hagar kwa sababu nyama ilikuwa inanukia na hakuna wa kuifuata. Voss peke yake alisimama langoni, leso yenye kafuri puani, akikitazama kitambaa. Alivua kofia.

"Pole sana, binti Haddon," alisema, kisha naye akaondoka, tena kwa haraka.

Ndani, Mama Hester alikaa sakafuni akacheka, mwanamke aliyekula na marais, akacheka huku machozi yakimtoka. Lydia alimkumbatia Hagar. Walikula supu yote watu watatu, bila kubakiza, wakipanga sanduku lipi mzee asafiri nalo. Kabla ya hapo walikuwa wamempelekea mzee bakuli lake. Alisema aachwe kidogo alale.

Furaha ile, wasomaji wangu, iliishi kuanzia mchana hadi jua lilipoanza kulegea. Hapo zikasikika tairi za chuma juu ya mawe ya barabara.

Lilikuwa gari la kamati ya afya, limefunikwa turubai, na hakuna asiyelijua mjini. Lilikuwa likibeba wagonjwa kuwapeleka hospitali ya nje ya mji, na waliorudi kutoka huko walikuwa wachache kiasi kwamba watu waliwajua kwa majina. Mbele yake alitembea Obadiah Pim wa kamati, mzee mdogo mkavu, koti la kijivu lisilo na kifungo cha kung'aa. Alikuwa mtu wa dhehebu la Marafiki, wale wasiomvulia mtu kofia, wasiomwita mtu bwana, na wasioapa hata mahakamani, kwa kuwa neno lao lote wanalihesabu kuwa kiapo. Wapagazi wawili walimfuata na machela. Mmoja alikuwa na shoka.

Nyuma kabisa, taratibu, alikuja Cornelius Voss.

Kumbe hakuikimbia homa. Alikuwa amekwenda kuiita kamati.

"Hester Haddon, Lydia Haddon," Obadiah alisema. "Tumekuja kumchukua Bartholomew. Fungueni, au tufungue sisi. Mnajua tunaruhusiwa."

Lydia alikuwa amewaza juu ya sherifu na akaisahau kamati. Mlango ambao sheria ilimkataza Voss kuugusa, kitambaa cha Lydia mwenyewe kilikuwa kimewapa watu wengine ruhusa ya kuuvunja.

"Afisa Voss, hii ni kazi yako?"

"Mimi sivunji mlango wa mtu, binti. Nitaingia nyuma yao tu." Akalisogelea lango. "Nilikula mkate wa baba yako kwenye theluji ile. Bila yeye ningekuwa mifupa. Halafu mke wangu akaweka akiba yetu yote kwenye ardhi yake, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia Haddon hadanganyi. Sasa nifanye nini?"

Mtaa ulikuwa umeanza kujaa watu kwa mbali. Miongoni mwao walikuwapo wadai, aliwatambua, wamevaa kofia zao nzuri kana kwamba wamekuja harusini.

Yule mwenye shoka alipanda kipandio cha kwanza.

Lydia aliona njia imebaki moja, ya aibu, lakini njia. Kama ndani hakuna mgonjwa, kamati haina ruhusa ya kuvunja. Watamtoza faini, watamtangaza mwongo mji mzima, kisha watakwenda zao na mlango utabaki umefungwa. Akainama dirishani.

"Obadiah Pim, hakuna homa humu. Nimedanganya. Kitambaa ni gauni la mama yangu."

Watu waliguna. Obadiah hakubadilika uso.

"Basi Bartholomew aje dirishani nimwone. Nikimwona mzima, nitaondoka."

Lydia alimfuata baba yake chumbani. Mzee aliinuka polepole, akajishika kwenye kiti, akafunga vifungo vya kizibao kimoja kimoja kama mtu anayekwenda bungeni. Alitembea mpaka dirishani akasimama kwenye mwanga wa jua la jioni. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa kumwona tangu kiangazi kianze.

"Nitazame, Obadiah."

"Toa kichwa kidogo. Geuka huku. Fungua macho."

Obadiah alimtazama kwa muda ambao Lydia aliuona mrefu mno. Mwisho akageuka kwa wapagazi.

"Ana homa," alisema. "Macho yamekwisha kuwa ya njano. Fungueni mlango."

Lydia akasogea dirishani mbele ya baba yake. "Amekulipa kiasi gani, huyo Voss? Na wewe unamdai baba, si ndiyo? Sema mbele ya watu."

"Simdai kitu. Mtazame mwenyewe, Lydia."

Alisema bila hasira, na ndipo Lydia alipokumbuka anazungumza na nani. Mtu wa Marafiki angekubali kupoteza nyumba yake kuliko kusema uongo. Aligeuka taratibu, kama mtu asiyetaka kufika, akamtazama baba yake machoni.

Yalikuwa ya njano. Mpaka kwenye kona.

"Kichwa kilianza jana," Bwana Haddon alisema. "Nilidhani ni aibu tu."

Mama Hester alitaka kumkumbatia. Mzee akamzuia kwa viganja vyote viwili, akarudi nyuma mpaka ukutani. Akaomba koti lake, lile la bluu la kwendea serikalini. Alilivaa bila kusaidiwa. Akaanza kushuka ngazi, mkono ukiteleza ukutani, na Lydia akamtangulia, akaweka mgongo kwenye mlango.

"Baba, ukifungua Voss atakugusa."

"Wasiponichukua mimi, homa itawachukua nyinyi watatu. Sogea."

"Mpaka kesho tu. Gari linakuja kesho."

"Lydia." Hakupaza sauti. "Wataupiga shoka mlango wangu mbele ya watu hawa wote. Nimebakiwa na kitu kimoja cha kufanya kwa mkono wangu mwenyewe. Sogea, mwanangu."

Alilia huku akisogea. Bwana Haddon akalivuta komeo, akaufungua mlango uliokaa umefungwa wiki tatu, akatoka.

Na hakuna aliyemsogelea.

Wadai waliokuwa wamebanana langoni walirudi nyuma wakikanyagana. Wapagazi wenyewe walisimama kando. Alishuka kipandio kwa kipandio, akavuka bustani yake iliyoteketezwa, na watu wakamgawanyia njia pande mbili, wanaume wakavuta wake zao, njia pana na safi, kama walivyokuwa wakimpisha miaka ile alipokuwa akitoka kikaoni. Alitembea katikati, kichwa juu. Alikuwa huru kabisa. Alifika kwenye gari, akapanda peke yake.

"Voss," sauti ilitoka kwenye kundi la wadai. "Mlango umefunguliwa, umemwona. Ukimwacha aende, sheria inasema deni lake ni lako."

Ilikuwa kweli, na kila mtu pale aliijua sheria hiyo. Afisa akimwona mdeni mlango ukiwa wazi na asimkamate, deni linamgeukia yeye. Voss aliyejua kusubiri alitazama huku na huku, jasho likimtoka chini ya kofia. Vijana wake walikuwa mbali sana. Farasi alianza kuvuta.

"Simamisheni," alisema.

Alilifikia gari kwa hatua ndefu, akakanyaga gurudumu, akainuka. Lydia alisimama kizingitini na kuuona mkono ule ukipanda. Ulisita. Kisha ukatua kwenye bega la koti la bluu.

"Bartholomew Haddon," Voss alisema, "nakukamata kwa deni."

Alishuka chini haraka, akijifuta mkono kwenye suruali, akiwaelekea vijana wake. Wakarudi nyuma. Akasogea tena, na yule mwenye miguu mirefu akaokota jiwe.

"Usije huku, mkubwa. Tafadhali."

"Cornelius Voss," Obadiah Pim alisema nyuma yake, kwa upole ule ule. "Umemgusa. Amri ya kamati ni moja kwa wote: aliyemgusa mgonjwa hutengwa. Walio ndani ya nyumba hii watafungiwa humo humo. Wewe huna nyumba hapa. Panda."

"Nina mke. Nina watoto, Obadiah."

"Ndiyo sababu utapanda."

Voss alitazama lango, akatazama mawe yaliyokuwa mikononi mwa watu aliokula nao wiki tatu. Alivua kofia, hakuna aliyejua kwa nini, akapanda garini. Lydia alitaka kukimbia. Hagar akamshika kiunoni kwa mikono yote miwili. Mpagazi mmoja alikuwa amekwisha kuja na mbao na misumari ya kuufunga mlango kwa nje.

Ukiwa bado wazi kidogo, Lydia alimwona baba yake akisogea kwenye benchi la gari kumpisha mwenzake nafasi. Voss alikaa. Mabega yao yaligusana. Mzee akamgeukia, na kwa kuwa hapakuwa na sauti nyingine mtaani, Lydia alimsikia vizuri.

"Ahsante, Voss," alisema Bwana Haddon. "Nilikuwa naogopa kwenda peke yangu."